Mizani ya Mama

Mwaka 1968 mama yangu alidungwa sindano za streptomisini kwa miezi kadhaa, akapona kifua kikuu. Tangu hapo akawa anatembea kwa kushika ukuta, hasa usiku. Majirani walisema ni udhaifu ulioachwa na maradhi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, nami niliamini hivyo kwa muda mrefu mno.

Juzi mjukuu wangu, aliye kidato cha tano, alinijia na neno "usanisi". Nikamweleza nilichokijua: kuunda kitu kizima kutokana na vipande. Kumbe hakutaka neno. Alitaka jambo lenyewe, usanisi wa protini. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Ikabidi tukae na kitabu chake, nami nikawa mwanafunzi.

Seli husoma maandishi ya jeni kwa herufi tatu tatu. Kila utatu huita asidi amino moja, nayo ribosomu huziunga ziwe mnyororo. Ribosomu hukosea takriban mara moja katika kila asidi amino 1,000 hadi 10,000. Titini, protini ya misuli, ina asidi amino zipatazo 34,000. Basi nakala isiyo na dosari hata moja ni adimu.

Nilidhani seli hurudi nyuma na kusahihisha, kama nilivyozoea kwa wino wangu mwekundu. La. Asidi amino ikishaungwa pasipo pake, haing'olewi. Ukaguzi mkubwa hutangulia. Kimeng'enya kinachompa mjumbe isolusini aibebe huweza kupokea valini kimakosa, kwa kuwa zinafanana sana. Lakini kina chumba cha pili ambamo valini hutolewa. Ribosomu nayo humkagua mjumbe kabla ya kumpokea. Baada ya hapo zipo protini zinazozisaidia nyingine zijikunje ipasavyo. Mimi nimeziita makungwi, na mjukuu akacheka sana. Zilizoshindwa kufundwa hutiwa chapa ya ubikwitini, zikavunjwavunjwa katika protiasomu, na vipande vyake vikatumika upya. Kwa kuigundua njia hiyo, Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004.

Kisha tukafika kwenye dawa. Streptomisini hushikamana na ribosomu ya bakteria na kuulegeza ukaguzi wake, hata ikapokea wajumbe wasiostahili. Protini mbovu hujazana. Baadhi huingia katika utando wa bakteria na kuuvujisha, dawa ikazidi kupenya. Vijidudu vilivyokuwa kifuani mwa mama viliuawa hivyo, kwa kusoma vibaya.

Ila ndani ya seli zetu mna mitokondria, nazo zina ribosomu zinazofanana na zile za bakteria. Inadhaniwa kuwa hiyo ni njia mojawapo ambayo dawa za jamii hii hulidhuru sikio la ndani, na humo ndimo kilimo kiungo kinachoshika mizani ya mwili. Nimelitamka neno mizani darasani kwa zaidi ya miaka thelathini, nikihesabu silabi za watu wengine.

"Babu, mbona umenyamaza?"

Nikamwonyesha ukuta wa ukumbini, pale chokaa ilipolika kwa usawa wa bega. Mafundi wa rangi walipokuja mwaka jana, niliwaomba wapaache.