Kunguru Walipopungua Unguja

Nilizaliwa Malindi ya Unguja mjini na kukulia huko huko, na katika utoto wangu wote sikumbuki kumsikia ndege aitwaye chozi akilia mtaani petu. Alfajiri ilikuwa adhana, kisha kunguru. Walijaa juu ya mabati, kwenye nyaya za umeme na kwenye mikungu, na mama akianika dagaa darini ilibidi mtoto mmoja akae na fimbo. Tuliona ndivyo mji ulivyoumbwa. Sikujua kwamba ndege wale ni wageni, waliletwa kutoka India katika miaka ya 1890 ili wale taka za mji, wala sikujiuliza ni ndege gani waliokuwa wakilia pale kabla yao.

Niliowajua mimi ni ndege wa pwani. Babu yangu alikuwa akikalafati majahazi Funguni. Bahari ikipwa, hasa bamvua, tope lilibaki wazi hadi mbali, nami nilikaa kwenye kivuli cha chombo nikitazama. Kwa babu, kalenda ya vyombo na ya ndege ilikuwa moja. Kusi ikianza kulegea, Agosti na Septemba, vitwitwi walishuka makundi kwa makundi, wengine wakiwa bado na wekundu uliopauka kifuani. Wametoka Siberia hao, jina nililokuja kulijua baadaye skuli. Kaskazi ikishika, wote walikuwa wa kijivu. Halafu ikifika Machi, wakati majahazi ya Arabuni yanangoja upepo ugeuke yarudi kwao, wekundu ulianza kuchipuka tena, unyoya mmoja mmoja, mpaka kifua kizima kikawa na rangi ya tofali.

"Hawa nao washafunga mizigo," babu alikuwa akisema. "Tazama mjukuu wangu, masika hayatowakuta hapa."

Na kweli, mvua kubwa zikianza tope lilikuwa karibu tupu. Walibaki wachache tu, wachanga, ambao hawajafikia umri wa kutaga.

Niliyempenda kuliko wote sikumkuta sana mjini. Nilimwona zaidi Chwaka, kwa wajomba zangu: mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu, na mdomo mweusi mnene wa kuvunjia kaa. Yeye hatoki Siberia. Huzaa kwenye fukwe za Oman, za Ghuba na za Bahari ya Shamu, ndani ya shimo analolichimba mwenyewe mchangani, na kwa kawaida hutaga yai moja tu. Mtoto huja na mzazi wake hadi huku. Siku moja maji yalipokuwa yakitoka nilimwona mzazi amemnasa kaa, akamtikisa na kumbamiza chini mpaka miguu ikakatika. Mtoto, mgongo wake bado wa kijivu, alisimama nyuma akipiga miluzi. Alikuwa ameshalingana na mzazi kwa kimo, na bado analishwa. Ni ndege wachache wa pwani wanaolea hivyo, na mimi kila nikiwaona huyaona majahazi ya babu: Oman na Unguja, kwenda na kurudi, familia nzima chomboni.

Hata pwani kunguru hawakutuacha. Kwenye mikoko ya Maruhubi walichokora viota vya korongo wadogo, wakatoa mayai, wakatoa na makinda. Kitwitwi akipata mnyoo, kunguru alikuwa nyuma yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vikatokea vizimba. Vilikuwa vikubwa, vya mbao na wavu wa waya, na juu vina mlango mwembamba. Ndani waliwekwa kunguru wachache walio hai, na maji, na chakula. Kunguru akiwaona wenziwe wanakula hushuka kwa kukunja mbawa, lakini kutoka lazima azikunjue, na hapo hakuna nafasi. Watoto walijazana kutazama. Wazee wa barazani walijadiliana kama inafaa kuua viumbe wengi namna ile, mpaka mmoja akawakumbusha kwamba kunguru ametajwa katika hadithi ya Mtume miongoni mwa wale watano walioruhusiwa kuuliwa hata ndani ya Haram. Mjadala ukaisha pale pale.

Kunguru ni ndege mwerevu mno, akawa anawajua watu wa mtego kwa sura, anapiga kelele wakitokeza tu kichochoroni. Basi ikaja dawa. Kwanza walilishwa nyama safi siku kadhaa wakaizoea, kisha ikatiwa sumu inayoharibu figo taratibu. Ndege alikula, akaruka, akafa baadaye mbali na pale, hivyo wenziwe hawakujua kilichomuua. Tulikuwa tukiwaokota uwani. Kiota kimoja kilianguka kutoka kwenye mkungu wetu na nikakifungua kwa mikono: kilikuwa cha nyaya, vipande vya waya wa kufungia mizigo na vya umeme, vimesukwa imara kuliko dema la mvuvi.

Katikati ya miaka ile mji ulibadilika. Sisemi kunguru walikwisha, walibaki, lakini wachache, na waoga. Chozi akaja kwenye mkomamanga wa jirani. Pugi wakatembea uwani kama walioalikwa. Mnana walisuka viota juu ya mnazi nyuma ya nyumba, na kelele zao zilitupendeza tusitake kulala baada ya sala ya alfajiri. Mama alianika dagaa bila mlinzi. Mwaka 1994 tukasikia kwamba ndege wa baharini, buabua, wametaga kisiwani Chumbe, na mimi niliyaunganisha mambo yote hayo moyoni, nikaamini kisiwa chetu kinarudi kwa wenyewe.

Kisha fedha za wafadhili wa kazi ile zikaisha. Vizimba vikaota kutu, waya ukaibwa. Kazi haikushindwa, iliachwa, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwa sababu waliobakia walikuwa wachache kiasi cha kumalizika. Vuli mbili tatu za kutaga kwa amani zikatosha. Mnana walihama kwanza, chozi akafuata.

Dar es Salaam nako baadaye waliuawa zaidi ya milioni moja, na huko pia wakarudi. Mwaka 2024 Kenya ilipotangaza kuwa nayo itaua kunguru milioni moja, nilimpigia simu mwanangu anayekaa Mombasa. Nikamwambia awe anaamka mapema, asikilize, na siku atakayomsikia chozi wa kwanza mtaani kwake aandike tarehe na amrekodi kwa simu. Huku Malindi vijana hawaniamini ninapowaonesha ule mnazi wa mnana.