Kosa Lililozaa Neno

Katika Kiingereza umelikuta neno "burial", maana yake maziko. Je, wajua kuwa lilizaliwa kwa kosa? Waingereza wa kale, kabla ya mwaka 1066, walisema "byrgels", wakikusudia kaburi moja. Sauti ya s mwishoni ilikuwa kiungo cha neno lenyewe, wala haikuwa alama ya wingi. Vizazi vya baadaye vilidhani yatajwa makaburi mengi, vikaikata s ile ili vipate umoja. Kisha neno hilo likaacha kutaja kaburi, likataja tendo la kuzika.

Usiwacheke. Neno "kitab" la Waarabu lilipotufikia, tuliidhania ki yake kuwa alama ya umoja, tukaunda wingi: vitabu. Leo ni nani athubutuye kulikataa?

Nilipoyajua haya niliona haya kwa mara zote nilizowacheka wajifunzao lugha yetu. Shika sarufi, msomaji, lakini usimdharau akosaye. Pengine kosa lake ni ufasaha wa wajukuu zako.