Jina Katika Laini

Mji wa Malaba umekatwa na mpaka, lakini mawimbi ya redio hayakupata kuambiwa habari hiyo. Mtu akiketi barazani upande wa Kenya, simu yake huweza kushika mnara wa Uganda bila yeye kuvuka wala kugongewa muhuri. Nilikuwa nimelizoea jambo hili hata sikuliwaza, mpaka Ijumaa moja ya mwaka 2021 nilipopata habari kwamba kijana niliyepata kumfundisha, mwendesha bodaboda, amewekwa ndani.

Mjane mwenye duka alikuwa ameletewa ujumbe kwamba ametumiwa shilingi 8,000 kwa makosa. Kisha sauti ya upole ikamsihi azirudishe. Alizirudisha, ilhali hakuwa amepokea kitu. Laini iliyopokea fedha zake ilikuwa imeandikishwa kwa jina la kijana yule.

Sajini alinikaribisha kwa heshima. "Mwalimu," alisema, "jina ni lake na namba ya kitambulisho ni yake. Wataka ushahidi gani tena?"

Sikumcheka. Alijifunza kazi yake katika siku za kufuata nyayo za ng'ombe walioibwa, na kwake yeye laini ilikuwa kama nyumba: mwenye hati ndiye akaaye ndani. Nilimweleza kwamba kijana alipata kumpa mchuuzi wa laini kitambulisho chake kando ya barabara, akaandikishiwa moja, kumbe ni mbili. Jina hutaja aliyeandikishwa. Halimtaji aliyeishika simu. Kumbukumbu za kampuni ndizo zionyeshazo laini ilitiwa katika kifaa chenye namba gani, ikashika mnara upi, na saa ngapi. Sheria ya uhalifu wa mtandao ya mwaka 2018 humruhusu askari kuomba amri ya mahakama apewe kumbukumbu hizo.

"Na ombi hilo huandikwaje, Mwalimu?"

Nami, niliyekuwa nikisema kama mtu aliyekula chumvi nyingi, sikujua. Tuliketi mezani pake, sheria ikiwa wazi katika simu yangu, tukaliandika kwa mkono, tukifuta na kuanza upya.

Jumatatu hakimu alimpa kijana dhamana. Baada ya majuma matatu kumbukumbu zilikuja: kifaa hakikuwa chake. Mnara ulikuwa mpakani hasa, nao hufikia pande zote mbili, hivyo haikujulikana mwizi alisimama nchi gani. Kijana aliachiliwa. Mjane naye, kila niendapo kununua sabuni, huniuliza habari za shilingi zake.