Kuona Nako si Kushika: Simu na Ala za Jadi Darasani

Wahenga walisema kusikia si kuona. Baada ya kipindi kimoja cha sanaa tulichokikagua wakati wa mazoezi ya kufundisha, sisi tungependa kuongeza kwamba kuona nako si kushika. Tunaeleza hapa yaliyotokea, pamoja na kosa letu wenyewe, ili walimu wanafunzi wapate kufaidika.

Shule hiyo imo katika Mkoa wa Dodoma. Darasa lilikuwa la nne, lenye watoto sitini na mmoja, na somo lilihusu ala za Wagogo: zeze, filimbi, ngoma za muheme zipigwazo na wanawake, na ilimba, yaani marimba ya kushikwa mikononi na kupigwa kwa vidole gumba. Shule haikuwa na hata ala moja. Mwanachuo wetu alikuja na simu yenye programu ya uhalisia ulioongezwa. Utaratibu wake si mgumu: kamera hutambua alama iliyochapwa kwenye kadi, kisha katika kioo cha simu huonekana sura ya ala imekaa juu ya kadi ile. Mtazamaji akiizunguka kadi, huiona ala pande zote; akigusa kioo, ala hulia.

Watoto walishangilia, nasi tukaandika katika fomu ya tathmini kwamba zana ilikuwa bora. Kabla ya kengele, mtoto mmoja alinyoosha mkono aishike marimba, akashika hewa. Wenzake wakacheka. Alipoulizwa alitaka nini, alijibu: "Nilitaka kujua kama ni nzito, Mwalimu. Ya babu ni nzito, lakini siku hizi hailii vizuri."

Jibu hilo lilitufedhehesha. Si mwanachuo wala sisi tuliokuwa tumeuliza kama kuna nyumba yenye ala hiyo. Kwa kuwa shule haikuwa nayo, tulidhani na kijiji hakina.

Juma lililofuata babu alikaribishwa darasani. Alifungua kanga, akatoa marimba yenye kutu, akaeleza kwamba vyuma vyake hukaa juu ya sanduku la mbao lenye uwazi ndani, na kwamba tundu la sanduku huzibwa kwa utando wa buibui. Utando ule ndio unaotoa mvumo, na wa kwake ulikuwa umechanika. Watoto wakatumwa kutafuta mwingine katika kuta za ghala. Ulipobandikwa, babu akapiga. Mvumo ukarudi, na darasa zima likanyamaza. Kisha akakisogeza chuma kimoja kikawa kifupi, na watoto wakasikia wenyewe sauti ikipanda.

Baada ya hapo ndipo simu ilipopata kazi yake halali. Ilionyesha uwazi ulio ndani ya sanduku, ambao hauonekani bila kuivunja marimba ya mzee. Pia iliwashughulisha waliokuwa wakingoja zamu. Tena mwanachuo aliwasikilizisha rekodi ya marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kuipeleka ilimba katika majukwaa ya dunia hadi alipofariki mwaka 2003. Watoto walitambua mvumo ule mara moja, kwa sababu walikwisha kuutengeneza.

Basi, mwalimu mwanafunzi, kabla hujaandika neno "simu" katika maandalio yako, uliza kwanza watoto wana nini nyumbani. Waalike wenye ala, na uwape heshima ya kuzungumza. Anza na kitu chenyewe. Tumia picha kwa lile ambalo mkono hauwezi kufika. Na pale ambapo ala imekwisha kutoweka kabisa, tumia simu bila haya, lakini waambie watoto kwamba hicho ni kivuli chake.

Alama za mwanachuo hatukuzipunguza. Sisi ndio tuliotia sahihi maandalio yale, na sisi ndio tuliopaswa kuuliza.