Kicheko cha London na kinga zetu

Katika vikundi vyetu tunasikia mara nyingi neno hili: binti akipanda kinga watu watamcheka, basi bora aende masomo kwa miguu. Sisi walimu ndio tunaowapokea mabinti hao asubuhi, wamechelewa, tena wamechoka kabla ya somo la kwanza. Tulipokuta kwamba kicheko hicho kilikwisha chorwa zamani huko Ulaya, tuliona vema tuwaelezee.

Mwaka 1817, huko Mannheim, Ujerumani, Karl von Drais alionyesha chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, bila pedali wala mnyororo. Mtu alikaa katikati, akasukuma ardhi kwa miguu yake. Mtu wa Kivu akiona picha yake atasema: lakini hiyo ni tshukudu! Zinafanana kweli, ila tshukudu inabeba viazi na makala na kulisha jamaa nzima. Chombo kile kilipofika London kilibeba kijana tajiri mwenye kola ndefu, asiye na mzigo wowote ila maringo yake. Fundi mmoja wa magari ya farasi, Denis Johnson wa mtaa wa Long Acre, alitengeneza zaidi ya 300 mwaka 1819. Akafungua hata shule ya kuwafundisha watu wazima kuvipanda.

Wachoraji hawakungoja. Walipaka nta juu ya bamba la shaba, wakachora kwa sindano, kisha wakamwaga asidi, nayo ikala shaba pale tu nta ilipokwaruzwa. Wino uliingia katika mistari hiyo, karatasi ikagandamizwa juu yake, picha ikatoka. Rangi ziliwekwa kwa mkono, karatasi moja moja, mara nyingi na wanawake na watoto ambao hakuna aliyeandika majina yao. Wenye maduka walibandika picha madirishani, na asiye na feza alisimama njiani akacheka bure. Miaka michache mbele, duka moja mashuhuri la picha hizo lilikuwa la mwanamke, Hannah Humphrey, na mchoraji James Gillray aliishi ghorofani juu ya duka lake. Basi mtu asituambie biashara ya magazeti ni ya wanaume.

Walimcheka nani? Kwanza vijana wale wa maringo, wakianguka matopeni. Mchoro mmoja unaonyesha mhunzi akivunja chombo kwa nyundo, maana farasi wa mbao havai kiatu cha chuma, na mhunzi atakula nini? Kisha walimcheka Duke wa York. Baba yake, mfalme George wa Tatu, alikuwa mgonjwa Windsor, na Duke alipewa pauni 10,000 kwa mwaka ili amwangalie. Fikirieni, mtoto kulipwa ili amtunze babake! Wachoraji wakampandisha juu ya chombo cha mbao, mbio kwenda Windsor.

Na wanawake. Johnson aliwatengenezea chombo chao, mti wa katikati ukiwa umeshushwa ili nguo ndefu ianguke vizuri. Yaani fundi alikuwa amekwisha kujibu swali la nguo, lile lile tunalouliza leo juu ya kikwembe. Wachoraji hawakulijali: waliwachora wanawake miguu wazi, kofia zikipeperuka. Kwa maoni yetu vicheko hivyo viwili si ndugu. Kumcheka Duke kuliuliza feza ya raia inaenda wapi. Kuwacheka wanawake hakukuuliza neno, na kumcheka binti wa masomo hakuulizi neno.

Mtindo ule ulikwisha upesi. Pedali zilikuja Paris katika miaka ya 1860, na mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry akaleta kinga ya mnyororo, karibu sawa na zetu. Mwaka 1888, huko Belfast, John Boyd Dunlop alipata hati ya tairi la upepo, alilolijaribu kwanza kwenye kinga ya magurudumu matatu ya mtoto wake.

Hapo ndipo kinga ilipowafikia babu na bibi zetu, kabla hawajaiona kwa macho. Ulaya ilitaka mpira wa matairi, na Leopold wa Pili alikuwa ameshika misitu ya Kongo. Vijiji vilitakiwa kuleta mpira kwa kilo. Askari waliwakamata wanawake, wakawafungia mpaka waume zao warudi porini na mpira wa kutosha. Wengine walikufa mle ndani kwa njaa.

Mwaka 1906 gazeti la vichekesho la London, Punch, lilichapa mchoro wa Linley Sambourne. Mwanaume wa Kongo amezongwa na nyoka wa mpira, na kichwa cha nyoka ni cha Leopold, pamoja na ndevu zake. Ukiutazama huchekeshwi na kitu. Kwa nyuma, mwanamke anakimbia na mtoto wake.