Kiswahili cha Kambi ya Miwa

Kakira, mashariki ya Jinja nchini Uganda, ni mji uliozaliwa na kinu. Muljibhai Madhvani alianzisha kiwanda cha sukari mahali pale mwaka 1930, miaka sita baada ya Nanji Kalidas Mehta kuanzisha cha kwake huko Lugazi. Wenyeji wa Busoga walikuwa na pamba yao shambani, na wengi hawakuvutiwa na kazi ya panga kwa ujira mdogo. Basi wakata miwa wakatoka mbali: West Nile, Rwanda na Burundi. Wakajengewa nyumba za safu, na safu hizo zikawa vijiji.

Sisi tulizaliwa katika kambi mojawapo. Baba yetu alikuwa Mualur, mama yetu Mrundi. Hawakuwa na lugha ya kuelewana ila Kiswahili walichokiokota kambini, nacho ndicho tulichokisikia kwanza duniani. Alfajiri king'ora kililia, nyapara akapita akigonga milango, na kila mtu akaenda kwenye kipande chake. Shamba lilichomwa moto kwanza ili majani makavu yaondoke. Kwa hiyo baba alirudi jioni amejaa masizi, nasi tukamtambua kwa sauti kabla ya kumtambua kwa sura. Muwa uliokatwa haungoji, utamu wake hupungua kadiri siku zipitavyo, na ndiyo sababu kinu hakikulala usiku. Harufu ya molasi ilikuwa ndiyo hewa yetu.

Hata neno posho, ambalo kwa Waganda ni ugali, lina historia ya namna hiyo. Posho ilikuwa sehemu ya chakula apewayo mfanyakazi, na kwa kuwa chakula chenyewe kilikuwa unga wa mahindi, jina la mgao likawa jina la sima.

Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa Uganda, sukari ikaadimika, na wenye kiwanda waliporudi mwaka 1985 waliikuta mitambo imechakaa. Watu wa kambi hawakuwa na pa kufukuzwa. Walibaki.

Katika miaka hiyo tulikuwa shuleni, tukajifunza ngeli, na pamoja na ngeli tukajifunza kuona haya. Siku moja baba alikuja kututembelea, akasimama mlangoni mwa bweni na kusema mbele ya wenzetu, "Nimeleta ile vitu ya wewe." Wenzetu walicheka. Nasi tulicheka, tena kwa sauti. Tangu siku ile hakutusemesha tena kwa Kiswahili. Kila tulipokutana alitumia Kiingereza chake, maneno kama ishirini hivi, na yalipokwisha alinyamaza.

Wako Waganda wasemao kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na wanyang'anyi. Twaelewa chanzo cha maneno hayo: mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na wengi walikisikia kikitamkwa nyuma ya bunduki. Hata hivyo, sisi tulikisikia kwanza kwa mama akiombana chumvi na jirani. Mwaka 2005 katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Hivyo walimu tunatafutwa sasa, na madarasani wamo wajukuu wa kambi.

Karibuni mwanafunzi mmoja alisimama kutusimulia jinsi bibi yake alivyovuka ziwa usiku. "Ile mutu ya mutumbwi alikataa pesa," alianza. Darasa likaanza kucheka. Tuliinua mkono, kicheko kikakatika, naye akaendelea hadi bibi akafika ng'ambo. Ngeli tulizisahihisha baadaye, yeye na sisi peke yetu, dirishani.

Baba yetu alikuwa amekwisha kufariki.