Kukauka na Jamaa Zake

Msemaji wa Kiswahili anapotaka kueleza kuwa kitu kimepungukiwa na maji, nguvu au uhai, hana uhaba wa maneno. Lugha imemwekea kukauka, kunyauka, kusinyaa, kunywea, kupwa, kufifia, kuchujuka, kupauka, kuchakaa, kuvia, kupooza, kudhoofu, kuzorota, kudorora na mengine mengi. Aghalabu kamusi hulieleza moja kwa jingine, na mwanafunzi huondoka akiamini kuwa yote ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba kulitumia hili mahali pa lile ni hiari ya mwandishi asiyependa kurudia neno. Imani hiyo ina hasara. Maneno haya ni jamaa, lakini kila moja lina makao yake, na kila moja hutoa hukumu juu ya mambo mawili: kilichosababisha upungufu, na kama kilichopungua chaweza kurudi.

Kukauka ndilo neno pana kuliko yote, na kwa sababu ya upana huo ndilo linalodanganya zaidi. Watu wengi wakilisikia hudhani habari ya msiba. Kisima kimekauka, midomo imekauka, mti umekauka: yote ni mabaya. Walakini mke aliyeanika nguo uani hafurahii kitu kama kusikia kuwa zimekauka. Mkulima wa Pemba huanika karafuu juani juu ya majamvi, na mawingu yakitanda hukimbia kuzianua, maana karafuu isiyokauka haina soko. Hata mnazi hufundisha jambo hili. Tunda lake huanza kidaka, likawa kitale, likawa dafu lenye maji matamu, likawa koroma, na mwisho likawa nazi. Katika safari hiyo maji hupungua na nyama hukomaa. Anayetaka kunywa hulitaka dafu; anayetaka tui hana haja nalo, hungoja nazi. Na nazi ikiachwa mpaka nyama yake ikauke kabisa huitwa mbata, nayo hukamuliwa mafuta. Ni wapi hapo palipo na upungufu? Kukauka, basi, hueleza tu kuwa unyevu umeondoka. Kama kuondoka huko ni kufa au ni kupevuka, neno lenyewe halisemi. Husema kitu kilichokauka.

Kunyauka si hivyo. Shati lililofuliwa halinyauki, wala matope hayanyauki. Hunyauka kile ambacho unyevu wake ulikuwa ndio uhai wake: jani, ua, shina la mahindi, na kwa mfano mwili wa mgonjwa. Ndani ya neno hili mna huruma ambayo haimo katika kukauka. Mna pia nafasi ya matumaini, kwa kuwa mahindi yaliyonyauka kwa jua la wiki mbili huweza kuinuka mvua ikirejea upesi, lakini yaliyokauka kabla ya kubeba hayana la kungoja ila jembe. Mkulima anayesema “mahindi yangu yamenyauka” bado hutazama mawingu. Karibu yake wako kusinyaa na kunywea, ambayo hutazama umbo kuliko unyevu. Ngozi ya mzee husinyaa, na embe lililokaa sana kapuni vile vile. Uvimbe hunywea, na mtu aliyekemewa mbele ya watu hunywea, ingawa hakupungua hata ratili moja.

Neno linalostahili kukaliwa zaidi ni kupwa. Ni neno la kale la Kibantu, wala si mali ya Waswahili peke yao. Katika Kibemba, lugha ya Zambia, neno hilo lina maana ya kwisha. Katika Kichewa hutumika kwa maji ya mto yaliyokauka na hata kwa gurudumu lililoishiwa upepo. Kwa watu hao wa bara, kilichopwa kimekwisha. Watu wa pwani walilipeleka neno hilo hilo baharini, na bahari ikalibadili tabia. Bahari hupwa mara mbili katika siku moja na kujaa mara mbili. Hupwa sana wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, na hupwa kidogo wakati wa maji mafu. Unguja tofauti ya maji yaliyojaa na yaliyopwa huweza kukaribia mita 4 siku za bamvua. Katika hali kama hiyo hakuna anayeweza kulitaja kupwa kama mwisho. Kupwa ni zamu.

Tena ni zamu ya kazi. Maji yakipwa, wanawake wa Paje na Jambiani huingia katika mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza katika pwani hiyo ya mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengine huenda kutafuta pweza na chaza. Kwao kupwa kwa maji ni kufunguka kwa mlango. Anayedhurika ni nahodha asiyeijua saa, ambaye chombo chake hupwelewa, kikabaki kimelala ubavu juu ya mchanga. Hata yeye hana la kufanya ila kungoja. Neno hilo la kupwelewa limepanda kutoka chomboni mpaka kooni, kwa kuwa mtu aliyepotewa na sauti naye husemwa amepwelewa. Hapa ndipo inapoonekana busara ya lugha. Mtu huweza pia kusema sauti imekauka, na msikilizaji akaelewa. Lakini aliyesema amepwelewa ameahidi kuwa sauti itarudi, kama maji yatakavyorudi chini ya chombo.

Mengine yaweza kupitiwa kwa haraka. Kufifia ni habari ya jicho na sikio: nyota hufifia alfajiri bila ya yenyewe kupungukiwa na kitu. Kanga huchujuka kwa maji na hupauka kwa jua, na muuzaji mwaminifu hujua tofauti hiyo kabla mnunuzi hajauliza. Kuchakaa hutokana na matumizi, na kwa sababu hiyo kuna heshima kidogo ndani yake. Kuvia ni neno kali ambalo waandishi wa siku hizi wamelisahau. Wali uliovia haukushuka kutoka hali njema, haukuifikia. Skuli iliyozorota ilikuwa na sifa zamani, lakini iliyovia haikupata kuwa nayo, na anayekusudia kuitengeneza ya kwanza kwa dawa ya ya pili atapoteza fedha. Mkonge wa Tanganyika ulizidi tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960, ukaanguka chini ya tani 40,000 katika miaka ya 1990, nyuzi za viwandani zilipokwisha kuuteka soko. Huko ni kuzorota barabara. Mmea wenyewe haukunyauka hata siku moja.

Mtu asiyejali maneno atasema kuwa huu ni mchezo wa wenye nafasi. Na atazame maziwa na mito. Ziwa Nakuru, katika Kenya, lilipungua sana katikati ya miaka ya 1990 hata sehemu kubwa ya sakafu yake ikawa vumbi, na wengi walisema limekauka, kwa sauti inayotumika mazikoni. Tangu mwanzo wa miaka ya 2010 maji yake yalipanda mpaka yakafunika lango la hifadhi na kuwahamisha watu majumbani mwao. Nyanza nayo ilipanda kwa kiasi cha mita 2 katika miaka ya 1961 hadi 1964, ikashuka sana kufikia 2006, na mwaka 2020 ikazifurikia nyumba za kandokando. Maziwa hayo hupwa na kujaa kwa kalenda isiyojulikana. Aliyejenga juu ya sakafu iliyoachwa wazi alilisikia neno kukauka, akaliamini.

Ruaha Kuu ina habari nyingine. Mto huu hupita katika bonde la Usangu na kinamasi cha Ihefu, ukaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ukaenda kulisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukiacha kutiririka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, majuma mengine hata miezi, na viboko hubaki wamesongamana katika madimbwi. Mvua zikinyesha maji hurudi. Kwa hiyo hata hapa neno kukauka halikai sawa, na anayesema mto umekatika yu karibu zaidi na kweli. Lakini kosa kubwa liko katika mnyambuliko wa neno kuliko katika neno lenyewe. “Mto umekauka” ni sentensi isiyo na mtenda: jua limefanya, au Mungu, au miaka. “Mto umekaushwa” humlazimisha msikilizaji kuuliza, na nani? Kwa muda mrefu swali hilo lilikuwa na majibu mawili Usangu. Wengine walitaja ng’ombe wanaokanyaga kinamasi. Wengine walitaja mifereji ya mashamba ya mpunga, ambayo huendelea kuchepua maji hata wakati ambao mto una machache na mpunga umekwisha vunwa. Mwaka 2006 wafugaji wengi waliondolewa bondeni pamoja na mifugo yao, wakasambaa katika mikoa ya mbali. Viangazi vilivyofuata mto uliendelea kukatika. Mifereji ilikuwa imebaki.